Siku moja Witu na mzee wa shamba: riviu yangu kwa anayetaka kwenda

Nimekaa kama wiki mbili nikijiuliza niandike ama niache, manake kitu kizuri kikitangazwa sana kinaharibika, lakini huyu mzee mwenyewe ndo aliniambia andika mwanangu, watu waje. Basi naandika. Ni riviu ya ziara ya kutembezwa Witu, bara ya Lamu, siku nzima, unaonyeshwa mashamba na unaelezwa historia ya mji, inafanywa na mzee mmoja mkulima wa pale pale akisaidiwa na kijana wake. Haina jina wala ofisi wala kibao, ni mzee na panga lake na kofia ya kitambaa. Naipa nne na nusu kwa tano na hio nusu ntaeleza imeenda wapi.

Nianze na kosa langu ndo msilifanye nyinyi. Nilibuku kupitia mtu wa kati hapa Amu, yaani kisiwani Lamu, wale wa kukaa forodhani na simu mkononi, nikamlipa 3,500 ya watu wawili, mimi na mpwa wangu wa gredi sita. Aliniambia tutaonyeshwa jumba la sultani, mageti, na mizinga ya zamani, na ni hio mizinga ndo ilomtia mpwa wangu wazimu hakulala usiku. Kufika kule mzee akashangaa. Jumba gani? Mizinga gani? Na katika ile 3,500 yeye alikuwa ametumiwa 800. Mia nane, mtu atembee na nyinyi toka saa tatu asubuhi mpaka saa tisa, awalishe, awape na embe za kubeba! Nilikasirika nikaona haya, nikamtumia mzee pesa nyingine hapo hapo kwa M-Pesa. Kwa ivo nenda moja kwa moja Witu, usipitie kwa mtu.

Na jumba halipo ni kweli, nawaambia mapema. Ukienda Witu kama uendavyo Gedi ama Pate, kutafuta kuta za mawe na misikiti ya kale upige foto, utarudi na hasira. Witu ilikuwa mji mkuu wa usultani na leo ni mji mdogo wa wakulima, barabara, maduka, msikiti, stendi, embe zimepangwa kwenye ndoo. Cha kuona pale ni ardhi yenyewe. Mimi sikujua kama ardhi yaweza kuelezwa ivo.

Safari yenyewe ni rahisi. Boti ya abiria mpaka Mokowe, halafu matatu, unapita Hindi, unapita njia ya kuingilia Mpeketoni, unaendelea upande wa Garsen. Barabara sai ni lami, wale wakubwa wanakumbuka kabla ya lami mvua ikinyesha malori yanakwama kwenye tope siku mbili tatu na mizigo inaoza humo humo, na kuna miaka magari yalikuwa yakienda kwa msafara na polisi mbele. Bado kuna vizuizi vya askari, beba kitambulisho, wale hawana mchezo na ni haki yao.

Sasa kilichonishika ni vile mzee anavyoanza. Hakuanza na masultani. Tulipomaliza kuamkiana, mpwa wangu kamwambia shikamoo babu na mzee kaitika marahaba huku amemshika kichwa, akatuchukua mpaka pembeni ya shamba lake akapiga panga chini mara tatu nne akachota udongo akamtia mtoto mkononi. Akamwambia ukunje ngumi. Akakunja. Fungua. Udongo ukamwagika wote, mchanga mtupu wa kijivujivu, mkononi hakukubaki kitu. Akasema huu hauweki maji, ukipanda mahindi na mvua ikikatika wiki mbili umelia, lakini mwembe waupenda, mkorosho waupenda, muhogo waupenda, kwa sababu hio ni miti ya kutafuta maji yenyewe chini. Halafu tukapanda boda boda, safari si refu, tukashuka upande wa bondeni kuelekea kwa delta ya mto Tana, akapiga panga tena. Mara hii ulitoka mweusi tii. Kwa juu umepasuka nyufa naweza kuingiza mkono, kwa chini una unyevu. Mtoto akakunja ngumi, akafungua, udongo umekaa umbo la vidole vyake vyote vitano. Mzee akasema huu ndo wa mpunga.

Yaani nimesoma jiografia mpaka fomu foo na sijawahi kuelezwa udongo nikaelewa kama siku ile. Ndo akaeleza kwa nini watu wa pale wanapenda kuwa na shamba mbili, moja juu kwenye mchanga na moja chini bondeni, na kwa nini mvua mbili. Kuna mvua ya mwaka inayoanza kama Aprili na kuna vuli kuanzia Oktoba, na bonde nalo lina maji yake ambayo hayatoki hapa. Maji ya Tana yatoka Mlima Kenya na Aberdare, kwa ivo mto waweza kufurika hapa na juu yako hakujaanguka hata tone, jua kali na maji yaja. Wazee walikuwa wanajua siku za kuyangoja. Sai hawana uhakika tena, kwa sababu kule juu kuna mabwawa ya umeme, Masinga tangu 1981 na mengine chini yake, maji yanashikwa na kuachiliwa kwa hesabu za watu wa umeme, mara hayaji kabisa mara yanakuja yote pamoja yanabeba mpunga na kuku. Halafu kiangazi kikizidi wafugaji wanateremsha ng'ombe kutafuta majani bondeni, ndo ikawa lazima mapito ya ng'ombe yaachwe wazi, na pale ambapo mtu amelima juu ya mapito ndo ugomvi huanzia. Mzee hakumlaumu mtu. Alisema tu ng'ombe hajui hati.

Mimi nilimuuliza, sasa Mzee, sultani alikuja kufanya nini huku, manake sisi Amu tunajua masultani wa Pate, watu wa bahari na majahazi, huku hata harufu ya bahari hamna. Akacheka akasema ndo maana akaja.

Hapo ndo alitukalisha chini ya mwembe, mkubwa ajabu, watu watatu hawaufumbatii, na historia ikaanza. Nitaieleza kwa ufupi manake yeye aliieleza karibu saa nzima na sitaki kuwaharibia. Ni kwamba Ahmed, yule aliyeitwa Simba, alikuwa wa ukoo wa Nabahani waliotawala Pate, na akagombana na Zanzibar, ambao Sayyid wao, yaani sultani wa huko, alikuwa anataka pwani yote iwe chini yake. Zanzibar ilikuwa na meli na askari, kisiwani huwezi kuwashinda. Ndo miaka ya 1860 Simba akaacha kisiwa akaingia bara mahali meli haifiki. Mbele ya Witu upande wa bahari kuna mikoko na matope, kuzunguka mji kuna msitu, nyuma kuna mto wa kupitisha mtumbwi, na katikati kuna ardhi ya kulisha watu. Mzee alichora yote chini kwa kijiti, hapa bahari, hapa mikoko, hapa msitu, hapa sisi. Halafu akasema na udongo ule wa asubuhi umesahau? Jeshi lala njaa? Hapo mimi mwili ulinisisimka, nikaelewa kwa nini ametuanzisha na udongo.

Halafu wakaja Wajerumani. Ndugu wawili, Clemens na Gustav Denhardt, mwaka 1885 wakapata kwa Simba ardhi ya maili 25 za mraba, na mwezi wa tano mwaka huo huo Ujerumani ikatangaza Witu iko chini ya ulinzi wake. Kwa upande wa Simba si kwamba alikuwa mjinga, alitaka mkubwa wa kumkinga na Zanzibar. Mpaka stempu za posta zilichapishwa 1889 za huu mji mdogo unaoona leo wa embe na boda boda. Simba alikufa mwishoni mwa miaka hio ya 1880 na utawala akaushika Fumo Bakari. Na 1890, tarehe 1 mwezi wa saba, Ujerumani na Uingereza wakakaa huko kwao wakatia sahihi, Ujerumani ikachukua kisiwa cha Heligoland kule Bahari ya Kaskazini na ikaiachia Uingereza Witu. Mpwa wangu akauliza, babu, na wa hapa waliulizwa? Mzee akamwangalia akasema hilo swali lako mjukuu wangu hakuna aliyelijibu mpaka leo.

Miezi miwili mitatu baadaye Mjerumani mmoja Andreas Küntzel akaja na wenzake kutaka mbao, ukazuka ugomvi na sultani, Küntzel na wenzake wakauawa pale Witu, Septemba 1890. Mimi naona, na mzee pia alisema ivo, mtu aliyekuja kukata miti mahali ambapo miti ndo ukuta wa mji alikuwa anagusa pabaya, hata kama kuua hakukuwa sawa. Oktoba Waingereza wakashuka na admirali Fremantle na wanamaji wake wakauchoma mji. Fumo Bakari akakimbilia msituni, mwaka uliofuata akafa. Vita havikuisha hapo, 1893 wakarudi tena kupiga ngome za ndani, Pumwani na Jongeni, ambako Fumo Omari, aliyeendelea kupigana baada yake, alikuwa amejificha na watu wake. Mwaka 1895 wakamweka sultani wanayemtaka wao, na kiti kikabaki jina tu mpaka miaka ya 1920. Kwa ivo ule mji wa Simba ulichomwa, na palipochomwa watu wakalima. Mpwa wangu aliuliza palikuwa wapi hasa na mzee akanyoosha mkono akasema umekaa juu yake, mtoto akainuka haraka kama amekalia kaburi.

Lakini sehemu iliyonigusa zaidi na ambayo yule wa forodhani hakuitaja hata kidogo ni ya watoro. Sisi watu wa Amu hatuyazungumzi haya, nyumbani kwetu bibi akiulizwa alikuwa anasema hayo yameisha fanyeni kazi. Witu ilikuwa kimbilio la watumwa waliotoroka mashamba, mashamba ya bara ya Lamu, mashamba ya Malindi, mtu anatoka usiku anapita msituni siku kadhaa hajui kama atafika, akifika Witu anapewa pa kulima. Simba alihitaji watu na wao walihitaji pahali. Walikata vichaka, walipanda, wakawa wakulima na wakawa askari wake. Na kumbuka utumwa pwani hii ya Kenya haukufutwa kisheria mpaka 1907, yaani hawa walijikomboa wenyewe miaka mingi mbele ya sheria.

Mzee akasema, bila kushusha sauti wala kuangalia pembeni, mama wa bibi yangu alikuwa mtoro. Alitoka upande wa Malindi. Akasema alivuka Tana na mtoto mgongoni. Jina la mtoto alitutajia, mimi silitaji hapa ni la kwao. Halafu akasema basi shamba hili mnaloliona mwanzo wake ni huyo, na akarudi kwenye habari za mwembe kama kawaida, mwembe gani wafaa kupandwa wapi. Mimi sikusema kitu. Kwetu ukoo huhesabiwa kwa masharifu na masultani na huyu mzee ameuhesabu kwa mwanamke aliyekimbia na mtoto mgongoni, na ana haki. Kama ningeambiwa nilipe 3,500 kwa ile nusu saa peke yake ningelipa.

Ndo nasema watembezaji wageni wengine hapa Amu wakajifunze kwake. Tarehe anazo lakini kila tarehe anaifunga na kitu unachoweza kukishika. Msitu ukitajwa anakuonyesha msitu. Njaa ikitajwa anakuonyesha ghala.

Tukaenda kwenye dungu. Wale wa mjini wasiojua, dungu ni kile kitanda cha miti kinachojengwa juu shambani, watu wanakaa kufukuza nyani na ndege, usiku nguruwe. Mpwa wangu alipanda akapewa debe bovu na kijiti akaambiwa wakija piga. Hawakuja siku ile lakini alikaa juu dakika arobaini na hakutaka kushuka. Mimi pia nilipanda, ngazi yake ni mti mmoja uliokatwa hatua, uvae suruali ama buibui lisilobana. Kutoka kule juu ndo unauona mji ulivyokaa, mstari wa msitu kama ukuta mweusi upande mmoja, minazi michache, mabati ya mji yanawaka jua, na upande wa bonde kumefunguka kweupe mpaka macho yanachoka. Foto haitoshi, nimejaribu.

Tulikwenda Januari na huo ndo wakati, embe za mwisho mwisho bado ziko, korosho zinaokotwa na ufuta umekatwa. Ufuta sikuwa nimewahi kuuona ukivunwa. Unakatwa kabla maganda hayajakauka kabisa, manake ukichelewa yanapasuka yenyewe na ufuta wote umemwagika chini ni chakula cha chungu. Unafungwa miganda, inasimamishwa kuegemezana kama watu wanaopeana siri, unakauka juani. Halafu mkewe, mama mmoja mpole sana, akatandika turubai akauchukua mganda mmoja akaupindua kichwa chini akaupiga kwa kifimbo taratibu, na ufuta ukashuka. Sauti yake ni kama mvua ndogo juu ya makuti. Akamwambia mpwa wangu piga nawe, usipige kwa hasira, ukipiga kwa hasira unaangusha na matawi. Walimaliza miganda sita wote wawili wakipiga hadithi.

Korosho habari yake ni ya kusikitisha kidogo. Miti ipo, mikubwa, mabibo yamejaa chini yananuka utamu mpaka nyuki wamelewa, lakini mzee anasema tangu kiwanda kikubwa cha korosho cha pwani kifungwe miaka ya 1990 bei ni ya dalali, dalali akija amechelewa unauza anavyotaka yeye manake shule zimefunguliwa na karo yangoja. Embe pia ivo ivo, lori likija embe ina bei, lori lisipokuja embe inaoza chini ya mti. Na lami imesaidia, alisema mwenyewe, lori sai lafika. Nawaambia haya kwa sababu mkienda nunueni vitu kwake. Ndoo ya ngowe aliniuzia kwa bei ambayo Amu napata embe sita. Ngowe za Witu, jamani. Ile embe ndefu yenye mdomo kama wa kasuku, ngozi imeiva rangi ya machungwa, ukiikata haina nyuzi za kukaa kwenye meno, kisu chapita kama siagi. Mzee hakati kwa kisu, anaiminyaminya mpaka imelainika ndani anatoboa mdomo ananyonya, na mpwa wangu tangu tumerudi anakataa kula embe kwa njia nyingine yoyote.

Chakula sasa. Ile nusu nimeitoa sehemu hii na nyingine ntakazosema. Chakula kilikuwa kitamu sana, sima, kambale wa mtoni kwa tui zito, kunde zilizopikwa na nazi, pilipili ya ndimu, embe. Huyo kambale ndo nilimwogopa manake sisi ni watu wa samaki wa bahari, changu na tewa, nilidhani atanuka tope, lakini kapikwa na ndimu nyingi na bizari hakunuka kitu, nikaongeza. Lakini kilikuja saa tisa kasoro na tulikuwa tumekunywa chai saa kumi na moja alfajiri. Mtoto alikuwa amekula embe nne za njaa. Mzee aseme mapema ama atoe hata muhogo wa kuchemsha saa tano, muhogo anao shamba zima.

Maji ya kunywa beba yako, lita mbili kila mtu, jua la pale si la kisiwani, hamna upepo wa kusi wala wa kaskazi wa kukupoza. Choo ni cha shimo, kisafi, lakini kina mama wenye watoto wadogo mjue. Mzee anatembea haraka kuliko umri wake, mara mbili nilimwambia Mzee ngoja, kwa ivo ukimleta mtu wa magoti mwambie mapema atatafuta boda ya kila kipande. Na boda ndo penye uchafu kidogo, kwenda bondeni tuliambiwa mia moja kila mmoja na kurudi yule yule akataka mia mbili na hamsini, akijua pale chini hamna boda nyingine. Patana kwenda na kurudi kabla hujapanda. Kijana wa mzee alijaribu kututetea lakini ni wa rika moja na yule wa boda nikaona wataharibiana bure nikalipa.

Kitu kingine, hamna kitu kilichoandikwa. Hakuna hata ubao mmoja tuliouona unaosema hapa palikuwa mji wa Simba, hapa ndo walipofikia watoro. Yote iko kichwani mwa huyu mzee na ana miaka yake. Kijana wake anajua mashamba vizuri sana, ukimuuliza habari za 1890 anasema ngoja baba aje. Nilimwambia yule kijana rekodi sauti yake kwa simu, kidogo kidogo, kila mkija na wageni. Alisema ataanza. Wale wa Witu mnaosoma hapa na nyinyi msaidieni, walimu hasa, leteni wanafunzi, mpwa wangu siku ile kajifunza somo la jamii la muhula mzima na la kilimo juu yake, na mwalimu wake sasa anaulizia nauli.

Mfereji wa Belezoni hatukufika, ule uliochimbwa zamani kuunganisha Tana na mto Ozi mpaka hatimaye Tana yenyewe ikahamia huko na sasa yatokea baharini Kipini. Mzee alitaka kutupeleka, ni siku ya peke yake na mtumbwi, na kwa kweli kusikia mkono wa watu ulihamisha mto namna hio nimebaki nao kichwani. Hio tunarudi nayo, ntawaandikia.

Kwa anayekwenda sasa. Usiende Ijumaa, mzee mchana yuko msikitini na hatembezi mpaka jioni, na jioni wewe huna wakati. Desemba mpaka Februari ndo kuna mavuno, mwezi wa sita na wa saba kumekijani kuzuri lakini bondeni ni tope mpaka magotini na mbu. Viatu vya kufunika vidole, si ndara, mimi nilivaa ndara na miba ya kule nimeijua. Kufika Witu shuka stendi, waulize akina mama wanaouza embe, sema unamtafuta mzee wa kutembeza wageni shambani, wote wanamjua, watampigia simu wenyewe. Bei yake ukienda moja kwa moja ni 1,000 kwa mtu mzima, mtoto anasema umpe unachotaka, chakula ndani yake, boda juu yako, na tafadhali ongeza. Ukitoka Amu ondoka na boti ya kwanza. Na kurudi, mwambie mzee mapema kwamba saa kumi kamili uwe stendi hata kama hadithi haijaisha, manake matatu ya jioni hungoja kujaa na Mokowe jua likishatua boti ni ya kukodi peke yako, sisi ilitutoka 1,800 na ndoo mbili za embe miguuni.